Boksi la divai kutoka Hombolo: siku sita Mwanza

Siku ya kwanza: Dodoma hadi Nyegezi

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nilikuwa stendi ya Nanenane nimekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Ndani mlikuwa na chupa 12 za divai nyekundu kavu, yaani isiyo tamu, ya zabibu za aina ya Syrah kutoka Hombolo, Dodoma, mavuno ya mwaka jana. Mjomba wangu wa Mwanza aliagiza kwa simu, akasisitiza: "Usizilaze juani, usizitikise, na usiziweke buti." La kwanza na la pili niliyaweza.

Konda aliliangalia boksi, akaniangalia mimi. "Hilo ni la buti, bosi."

Nikamwambia ni vitu vya kuvunjika. Akasema hata simenti huvunjika. Tulibishana mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kuguna, ndipo mama mmoja aliyekwishakaa dirishani akasema, "Kijana, gawanya basi. Nusu weka hapa chini yangu." Basi nikagawanya: chupa sita chini ya kiti cha yule mama, nikazifunga kwa kitenge nilichokilowesha bombani, sita nyingine zikaenda buti, upande wa nyuma, karibu na injini. Sikuwa na nia ya kufanya jaribio lolote, ila jaribio lenyewe likajipanga.

Manyoni tulipita bado kuna ubaridi. Singida tulisimama dakika kumi, kuku wa kienyeji wakauzwa madirishani kama kawaida yao. Baada ya hapo ndipo tulipoushuka mlima Sekenke, na basi lilipoanza kujikunja kwenye zile kona nikawa nawaza miteremko. Ukisoma lebo za divai za Ulaya utakuta vilima vinatajwa kama mtu anavyotaja ukoo wake. Huko mteremko unaotazama kusini hupigwa na jua vizuri zaidi kuliko bondeni, na hewa ya baridi ya usiku hutiririka chini ikaviacha vichaka vya juu salama. Kwetu huku karibu na ikweta jua linakaa utosini, halihitaji kusaidiwa na kilima. Kinachobaki ni maji. Mteremkoni maji hayatuami, udongo ni mwembamba, mizizi inalazimika kushuka mbali. Mzabibu uliobanwa namna hiyo huzaa punje ndogo, na punje ndogo ina ganda jingi kwa maji kidogo. Rangi ya divai nyekundu, na sehemu kubwa ya ukakasi wake, vinatoka kwenye ganda. Nimewahi kumweleza hivyo mteja mmoja groseri kwangu, akaniambia, "Kwa hiyo tunakunywa mateso ya mti." Sikuwa na jibu.

Mashamba mengi ya Dodoma, tuseme ukweli, ni tambarare au yana mwinamo mdogo tu. Kinachoyaokoa ni ukavu.

Nzega tulifika saa saba mchana. Konda alipofungua buti kutoa gunia la mtu nilipenyeza mkono nikashika boksi langu. Lilikuwa na moto, ule wa sufuria ya chai iliyoepuliwa muda kidogo. Chupa za chini ya kiti zilikuwa vuguvugu tu. Nilimwomba konda tubadilishe, akafunga buti.

Tinde, Shinyanga, Maganzo, Misungwi. Mawe ya Mwanza yalianza kuonekana jua likiwa limeinama, na stendi ya Nyegezi tukafika saa kumi na mbili jioni. Mjomba alikuwa amesimama na bodaboda mbili, moja yangu na moja ya boksi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Ziko wapi?"

Habari za safari aliniuliza tulipofika nyumbani kwake Isamilo, baada ya kuzihesabu chupa moja moja na kupitisha kidole gumba juu ya kila kizibo. Kwenye mbili za buti kidole kilikwama: kizibo kilikuwa kimejisukuma nje, labda unene wa sarafu, na chini ya karatasi ya mdomoni palikuwa na unyevu mwekundu wenye kunata. Divai ikipata joto hutanuka, na mahali pa kutanukia ni pale kwenye kizibo. Ikipoa inasinyaa, na hapo inavuta hewa ndani. Mjomba hakunigombeza. Alizitenga zile sita, akasema, "Hizi zimezeeka leo," akaenda kulala.

Siku ya pili: hakuna kufungua

Nilidhani tutaonja asubuhi. Mjomba akasema chupa iliyosafiri kilomita karibu 700 inapumzika kama mgeni mwingine yeyote, tena siku tatu nzima. Wapo wanaosema jambo hili ni imani tu. Mimi nimeonja divai siku ya kushuka garini na nikaionja tena wiki iliyofuata, na nipo upande wa Mjomba.

Basi nikapata muda wa kuiangalia nyumba. Imejengwa kama nyumba nyingi za vilimani Mwanza: fundi alikuta jiwe, akaona halihamishiki, akalifanya ukuta. Stoo ya nyuma ya jikoni imeegemea jabali kubwa kuliko nyumba yenyewe, na kati ya jabali hilo na jingine lililo chini yake kuna ufa unaoingia ndani kama hatua nne. Mtu anaingia kwa kujikunja. Humo ndimo Mjomba, aliyekuwa mhudumu wa baa ya hoteli kwa miaka 30, anamoweka alivyovikusanya. Si vingi, chupa kama 40. Baadhi alipewa na wageni, nyingine alinunua mwenyewe akiba ikiruhusu.

Chupa zimelala ubavu juu ya mbao, ili divai iguse kizibo kisikauke. Karatasi za lebo zimeoza kwa unyevu, kwa hiyo kila shingo imefungwa kipande cha bati la kopo kilichotobolewa, na juu yake kumekwaruzwa kwa msumari: jina, mwaka wa mavuno, mwezi iliyoingia pangoni. Mwandiko ni ule ule aliokuwa akiandikia bili.

Hotelini alijifunza kusema "waini." Kanisani anasema "divai." Akiwa amekasirika inakuwa "mvinyo wako huo." Leo imebaki divai siku nzima, nikajua yu radhi.

Jioni tulishuka Kirumba kununua sato, tukarudi kwa miguu, na magoti yangu ya Dodoma yakanikumbusha kwamba Isamilo ni mlima.

Siku ya tatu: kipimajoto

Nilikuja na kipimajoto kidogo cha friji. Vitabu vinataka divai ikae kwenye nyuzi 12 hadi 14, na nilitaka kujua pango la Mjomba liko wapi kwenye kipimo hicho. Yeye alikuwa na hakika. "Humo ni baridi kama Ulaya."

Asubuhi saa moja: ndani kabisa ya ufa, nyuzi 23. Saa tisa mchana, wakati sebule ya mabati imefika 31 na anti, mke wa Mjomba, amehamishia mchele wake wa kuchambua barazani: ndani ya ufa, nyuzi 23. Saa nne usiku, nje kumepoa hadi 21: ndani ya ufa, 23 na nukta tu.

Mjomba aliona aibu kidogo na fahari nyingi kwa wakati mmoja. Aibu kwa sababu 23 si 13. Fahari kwa sababu haikutikisika. Nilimweleza ninavyoelewa: ndani ya ardhi joto huwa sawa na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima mahali pale. Pango la Ufaransa lina nyuzi 12 kwa sababu mwaka wa Ufaransa, ukichanganya theluji na kiangazi, unatoa wastani huo. Mwaka wa Mwanza unatoa 23. Hata ukichimba mpaka usawa wa ziwa hupati Ufaransa.

Na tofauti hiyo ina gharama. Kwa makadirio ya kemia, kila joto likipanda nyuzi 10, mwendo wa mabadiliko huwa karibu mara mbili. Chupa iliyokaa miaka 5 humu imeishi kama miaka 10 ya kule. Tena haizeeki kwa ulinganifu uleule. Tunda linakimbia kuliko ukakasi unavyolainika.

Kilichonishangaza ni ukuta wa stoo, ule wa jabali lenyewe, upande wa magharibi. Saa tisa mchana kipimajoto kilichoegemezwa pale kilisoma 25. Saa nne usiku kilisoma 27. Jiwe linakunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, watu wote wakiwa wamelala na kudhani kumepoa. Mjomba alinyamaza, kisha akaniambia kwamba miaka ya mwanzo aliweka chupa zake pale pale ukutani, na zote zilikufa. Alimlaumu aliyemuuzia. "Kumbe nilikuwa nazipika usiku."

Nikadhani tumemaliza. Akanishika mkono akanipeleka pembeni mwa ufa, palipo na mtungi mkubwa wa udongo umezungushiwa gunia na mchanga mbichi kati yake. Anti humwagia maji mara mbili kwa siku, anapomwagilia mchicha. Ndani mlikuwa na chupa tano tu. Nikatumbukiza kipimajoto, tukanywa chai, nikakitoa: 20. Maji yanapokauka kwenye gunia yanaondoka na joto, jambo ambalo kila bibi aliyewahi kuweka maji ya kunywa mtungini analijua bila kipimajoto.

"Hizi tano," alisema, "ndizo ninazozisubiri."

Siku ya nne: ng'ambo ya Kigongo

Rafiki yake Mjomba ana mizabibu Sengerema. Tulipita daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Mjomba alitazama upande wa pantoni ya zamani muda wote akihesabu saa alizowahi kupoteza pale.

Mizabibu yenyewe ipo kwenye mteremko wa mawe juu ya nyumba, vichaka kama 30 vimepandishwa kwenye nguzo na waya. Kwa macho ni pazuri kuliko shamba lolote nililoliona Hombolo. Kilima, mawe, ziwa chini linameremeta. Ukikaribia unaona majani yana unga mweupe juu na mabaka ya kahawia chini, na vishada vina punje zilizopasuka kando ya punje mbichi.

Mwenyewe anajua tatizo. Dodoma hupata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, msimu mmoja, kisha ukavu mrefu. Pwani hii ya ziwa hupata takribani 1,000, na ikigawanyika misimu miwili, mzabibu haupati nafasi ya kukauka. Ukungu ndio unaovuna. Mzabibu wa kwetu haulali kama wa Ulaya kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeupangia mwaka kwa mkasi. Ukipogoa leo, baada ya miezi minne hivi unavuna, ndiyo maana Dodoma wanavuna mara mbili. Nilimshauri ahesabu kurudi nyuma, apogoe ili punje ziive Julai au Agosti wakati kumekauka, na asahau msimu wa pili kabisa. Alisema mke wake alimwambia hivyohivyo mwaka juzi.

Tulipewa kishada cha kuonja. Ganda nene, mbegu chungu, utamu wa kutosha. Kilima kilifanya kazi yake. Mvua ndiyo iliyoharibu.

Tuliporudi, kabla ya kulala, Mjomba alitoa chupa moja mtungini akaisimamisha wima mezani. Bati la shingoni: CORNAS 2009. IMEINGIA 3/2014.

Siku ya tano: kuonja

Cornas ni kijiji cha bonde la mto Rhône, kusini-mashariki mwa Ufaransa, na divai yake nyekundu kwa sheria ni ya Syrah peke yake. Mashamba yapo kwenye miteremko mikali ya matale, ngazi juu ya ngazi zilizozuiwa kwa kuta za mawe, mahali ambapo trekta haliwezi kupanda. Matale, yaani jiwe lile lile linaloshikilia nyumba ya Mjomba. Mgeni mmoja fundi mitambo alimwachia alipoondoka hotelini. Kwa hiyo tulikuwa na zabibu ya aina moja mara tatu: Hombolo ya chini ya kiti, Hombolo ya buti, na Cornas.

Mjomba aliongeza ya nne bila kuulizwa, nyekundu ya Dodoma ya bei ya chini aliyoiweka ufani miaka sita kuona itakuwaje. Tuliianza hiyo. Rangi ya chai ya jana, harufu ya karatasi yenye unyevu, mdomoni maji na uchachu. Hakuna aliyekosea kuitengeneza. Ilitengenezwa inywewe mwaka ule ule, na mwaka ule ule ingekuwa tamu. Divai nyingi nyekundu duniani ni za hivyo, ikipita miaka miwili mitatu unatunza chupa tu. Ili divai ihimili kungoja inataka ukakasi wa kutosha na uchachu wa kutosha tangu ujana wake. Asiye na akiba hawezi kukaa bila kazi miaka 10.

Halafu zile mbili za Hombolo. Chupa tuliziweka nusu saa kwenye friji kwanza, maana ule ushauri wa "joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye nyuzi 17, si kwenye sebule ya mabati. Ya chini ya kiti: zambarau, rangi na tunda vyote viwili, na nyuma yake pilipili manga. Hiyo pilipili si porojo za waonjaji. Kitu kinachonukia kwenye ganda la Syrah ndicho hicho hicho kilichomo kwenye pilipili manga. Ukakasi ulishika ufizi kama ndizi mbichi, ukaachia taratibu. Ya buti ilikuwa na rangi ile ile, lakini pua ilikuta jemu iliyoshika sufuria. Pilipili hakuna. Mdomoni ilianza vizuri ikakatika ghafla katikati, kama redio iliyoishiwa betri. Saa 12 zilitosha.

Hapo anti akaleta sato wa kuchoma, ndimu na kachumbari, na mimi kwa njaa nikala kipande nikateremshia na Hombolo nzuri. Nilihisi nimelamba msumari. Sato akawa na shombo ambalo sekunde moja kabla hakuwa nalo. Mjomba alicheka mpaka akafuta macho. Divai nyekundu huwa na chembe za chuma, na chuma kikikutana na mafuta ya samaki hutoa shombo hilo papo hapo. Mwenyeji wa ziwa lenye sato na sangara, miaka 30 ya kuhudumia baa, alikuwa akijua na aliniacha. Nyama ya mbuzi ilikuwa jikoni muda wote.

Cornas tuliifungua jua lilipozama. Kizibo kilikuwa kimeloa hadi nusu, kikatoka vipande viwili. Mjomba alichukua jagi la kioo la juisi, akaniambia niwashe tochi ya simu na kuishika nyuma ya shingo ya chupa. Akaimimina polepole, mkono mmoja, bila kutua hata mara moja, maana ukitua divai inarudi nyuma na kuvuruga kilicholala chini. Kwenye mwanga ilipita nyekundu yenye ukingo wa tofali, safi kama kioo. Dakika nzima. Kisha ukatokea uzi mwembamba mweusi, kama moshi, ukatambaa kando ya bega la chupa kuelekea shingoni. "Basi," nikasema, na yeye alikwishainua mkono. Yalibaki mashapo vidole viwili: rangi na ukakasi wa ujanani, vilivyoshikana miaka yote hiyo mpaka vikawa vizito na kuzama. Ndiyo maana iliyobaki juu imelainika.

Ilinukia samaki wa kubanika, ngozi, majani makavu baada ya mvua. Tunda lilikuwepo, mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Niliwaza kwamba ingekaa miaka hiyo yote pale Cornas kwenye nyuzi 12 ingekuwa bado na damu zaidi, na nikaamua kutolisema.

"Ilikuwa ya kungoja?" anti aliuliza. Yeye hanywi, alinusa tu.

Mjomba alizungusha glasi. "Mwaka juzi ilikuwa saa yake. Niliogopa kuifungua."

Siku ya sita: kuondoka

Asubuhi tulikata vipande vya bati la kopo vya kufunga shingoni. Chupa tano zilizobaki za chini ya kiti zikapata majina: mbili zikaingia mtungini, tatu ufani, ili mwakani tufungue moja ya kila upande siku moja. Zile za buti anti alizichukua bila sherehe. Moja ilishakuwa kwenye sufuria ya mbuzi tangu saa tatu, na ilifaa.

Nyegezi palikuwa na wachuuzi wa samaki wakipakia. Sangara na sato wa kwenda Singida na Dodoma walikuwa ndani ya maboksi ya foamu, barafu chini, barafu juu, mfuniko umezungushiwa gundi ya karatasi mara tatu. Konda hakubishana na yeyote. Aliyapokea mwenyewe kwa mikono miwili, akayapanga mbali na injini, na kila alipoongeza jingine aligusa kwanza kama ni baridi.

Tulitazamana mimi na Mjomba. Akaenda kwa mchuuzi mmoja, wakaongea Kisukuma, akarudi na boksi tupu la foamu lenye ufa pembeni. Shilingi elfu tatu.

"Lioshe kwa majivu na ndimu," alisema akinikabidhi. "Mara tatu. Na unuse kabla hujapanga chupa."